Si Injini Inayokula Mafuta, Ni Foleni

Dar es Salaam gari linahukumiwa kwa cc, yaani ukubwa wa injini, kabla hata halijawashwa. Cc 1300 ni gari la mtu anayejua kupanga maisha, cc 2400 ni la mwenye hela, cc 3000 ni la serikali au la mradi. Mimi naishi karibu na Stuttgart, Ujerumani, na gari letu la familia ni BMW 330d Touring: dizeli ya cc 2993, silinda sita, turbo, nguvu farasi 258. Nyuma kuna viti viwili vya watoto, na buti linameza baiskeli. Nikiwaambia ndugu zangu kwamba safari ndefu gari hili linakwenda kilomita 15 kwa lita, na nikitulia linapita hapo, wanaona nawapiga kamba. Siwapigi. Kinachonisumbua ni sababu ya wao kutoniamini: nyumbani mafuta hatuyapimi, tunayasimulia.

Chukua jinsi tunavyonunua. Unaingia sheli, unashusha kioo, kijana anakuambia "bosi, angalia sifuri," nawe unamjibu "weka ya elfu thelathini." Kesho kutwa ya elfu ishirini. Taa ya mafuta ikiwaka, ya elfu kumi ya kukufikisha nyumbani. Si kosa la mtu, ndivyo mfuko unavyoruhusu. Lakini kwa mtindo huo hakuna mwenye gari anayeweza kujua linakula kiasi gani, kwa sababu hajui lilikuwa na kiasi gani alipoanza wala limebaki na kiasi gani. Kinachobaki ni maneno ya fundi, ya dalali na ya jirani mwenye gari kama lako.

Huku nilikuta watu wazima, wenye mishahara mizuri kuliko wangu, wana daftari ndani ya gari. Unajihudumia mwenyewe: unaingiza mkono wa pampu, unabana, unakatika wenyewe tanki likijaa. Hapo unaacha, huongezi hata tone. Unaandika lita na kilomita, unarudisha kihesabu cha safari kwenye sifuri. Safari nyingine ukijaza tena mpaka ukatike, lita zilizoingia ndizo ulizochoma. Gawanya, umemaliza. Mimi nimekuwa nikifanya hivyo tangu tulinunue, na daftari linanionyesha jambo ambalo skrini ya gari haitaki kulisema: skrini ikiandika lita 6.2 kwa kilomita 100, pampu inasema 6.6 hivi. Skrini inakisia, pampu inapima.

Karatasi za kiwandani nazo zinasema hadithi yake. Gari hili liliandikishwa kwa kipimo cha zamani cha maabara, NEDC, na kwa kipimo hicho linatumia takriban lita 5 kwa kilomita 100. Kwangu wastani wa mwaka mzima, baridi na joto, mji na barabara kuu, unacheza kwenye 7. Hiyo ni asilimia 40 juu ya karatasi, na si gari langu peke yake. Watafiti wa ICCT, shirika la utafiti wa usafiri safi, walewale ambao kazi yao ilichangia kufichua udanganyifu wa Volkswagen kwenye vipimo vya moshi mwaka 2015, walifuatilia pengo kati ya maabara na barabara Ulaya nzima wakaona limekua kutoka kama asilimia 9 mwaka 2001 hadi 42 mwaka 2015. Ndipo kikaja kipimo kipya, WLTP, kilichoanza kutumika Septemba 2017. Magari mapya ya Ulaya tangu 2021 yanabeba kifaa kinachorekodi mafuta yaliyotumika kweli, na mwaka 2024 Tume ya Ulaya ikatoa matokeo: pengo limepungua lakini lipo, kama asilimia 20 kwa petroli na dizeli. Haibridi za kuchaji kwa waya, zenye injini na mota ya umeme, ndizo zilizoshangaza, mara tatu na nusu ya kilichoandikwa, kwa kuwa watu hawazichaji mara nyingi kama ilivyodhaniwa.

Sasa tuingie barabarani, maana hapo ndipo ubishi wote unapoishia.

Tukienda Hamburg kwa jamaa zetu tunapita barabara kuu ya A7, kilomita 650 hivi kutoka kwetu. Kuna vipande visivyo na kikomo cha spidi, na watu nyumbani wanadhani kila mtu anapaa. Serikali tangu 1978 inashauri 130, na nje ya vipande hivyo kuna vikomo na kamera. Nikishika 120, watoto wamelala na mama watoto anachagua muziki, gari linakaa kwenye lita 6 na ushee. Nikishika 130 linapanda kidogo. Nikijiunga na wale wa 180 linapita lita 10, na saa ninayookoa inaliwa na kituo cha kujaza mafuta. Siri yake ni upepo. Nguvu ya upepo inaongezeka kwa mraba wa spidi: kutoka 100 kwenda 130 inakuwa mara 1.7, ukifika 160 ni mara 2.5 na zaidi. Kwa hiyo injini ileile, dereva yuleyule, barabara ileile, na matumizi yanakaribia kuwa mara mbili kwa sababu ya mguu wa kulia tu.

Na kwa nini cc 3000 haiumi? Kwenye petroli, ukitembea polepole na injini kubwa, kuna kilango kinachobana hewa isiingie, na injini inahangaika kuvuta hewa kupitia upenyo mdogo. Dizeli haibanwi hivyo. Hewa inaingia kwa wingi, kinachopunguzwa ni dizeli inayopulizwa na nozeli. Ndiyo maana dizeli kubwa iliyotulia haili kama petroli kubwa iliyotulia. Ongeza kwamba lita ya dizeli ina nishati zaidi ya lita ya petroli kwa zaidi ya asilimia 10. Halafu hii yangu ina nguvu ya kuzungusha (torque) ya Nm 560 kuanzia mizunguko 1500 tu, na gia nane. Kwenye 130 injini inazunguka kama elfu mbili kwa dakika, inanong'ona. Milima ya Kassel, ambako malori yanapanda yakikohoa, yenyewe haishushi hata gia. Nguvu nyingi ukiwa nayo na huitumii ovyo, haikugharimu sana mafutani.

Hebu sasa lipeleke gari hilihili Ubungo saa kumi na moja jioni. Injini ya ukubwa huu ikinguruma imesimama, AC imewashwa kwa joto la Dar, inachoma kama lita moja kwa saa. Foleni ikitembea kilomita 10 kwa saa, umeshachoma lita 10 kwa kilomita 100 kabla ya kuhesabu hata mara moja uliyosogea. Ukihesabu na kusogea, ni kilomita 6 au 7 kwa lita, na yule wa Toyota IST ya cc 1300 uliyemcheka anapata 10. Lakini IST hiyohiyo ikiwa foleni inashindwa na silinda sita yangu ikiwa barabara kuu. Hapo ndipo naona tunagombana na mshitakiwa asiyehusika. Tunaisema injini, na anayekunywa mafuta ni barabara iliyosimama.

Nikiwa likizo naendesha Prado la shemeji, dizeli ya cc 3000, kwenda Iringa. Nimezijaza lita zake kwa mtindo wangu wa kijerumani, tanki mpaka tanki, naye shemeji akasimama pembeni akisema "shemu, unanimalizia hela zote leo." Njia nzima linatupa kilomita 9 kwa lita. Injini ya ukubwa uleule na yangu! Sehemu ya tofauti ni gari lenyewe: tani mbili na ushee, refu kwenda juu, limejengwa juu ya chesi kwa ajili ya mashimo, na upepo unalipiga kifuani. Sehemu nyingine ni njia. Chalinze, kijiji, kibao cha 50, trafiki na tochi ya kupima spidi chini ya mwembe. Unatoka, unafika 100, kijiji kingine, matuta. Kulitoa gari zito hivyo 50 hadi 100 kunameza kama mililita 60 za dizeli kwa ajili ya kuongeza kasi tu, na kwenye kibao kinachofuata breki inazigeuza zote kuwa joto. Vijiji 40, lita mbili na nusu. Sisemi vibao viondolewe. Watoto wanavuka pale kwenda shule na nimeona ajali za barabara ile, sitaki kuziona tena. Nasema tu kwamba injini haina hatia. Kinachosaidia ni kuachia mafuta mapema ukiona kibao, gari lijishushe lenyewe. Ukishika mtindo huo hadi Mikumi utauona kwenye daftari. Mlima Kitonga hapo hakuna mjadala, unapanda nyuma ya lori na unalipa.

Hata namna ya kuhesabu inatupoteza. Sisi tunasema kilomita kwa lita, Wajerumani wanasema lita kwa kilomita 100. Mtu akitoka kilomita 8 kwa lita akafika 10, na mwingine akatoka 15 akafika 17, tunaona wote wamepata kilomita mbili. Piga hesabu: wa kwanza ameokoa lita 2.5 kila kilomita 100, wa pili hajafikisha hata lita moja. Maana yake mwenye Prado bovu la nozeli chafu na tairi zilizopungua upepo ndiye mwenye hela nyingi zaidi ya kuokoa gereji kuliko mwenye IST anayehangaika kutafuta gari dogo zaidi.

Serikali nazo zinatuvuta tofauti. Ujerumani dizeli yangu inalipa kodi ya mwaka kwa ukubwa wa injini, euro 9.50 kwa kila cc 100, wakati petroli ni euro 2. Kwa cc 3000 hiyo ni euro 285 kabla hawajaongeza ya hewa chafu, hata gari likilala gereji mwaka mzima. Kisha wanakurudishia kwa kutoza dizeli kodi ndogo kuliko petroli kwenye pampu. Kwa hiyo anayeendesha sana anafaidi na anayeendesha kidogo anaumia. Tanzania rodi laisensi ya kila mwaka ilifutwa 2017 ikaingizwa kwenye bei ya mafuta, na hilo nalipenda waziwazi: unalipa kadiri unavyotembea. Nalipenda pia lile la EWURA, mamlaka ya nishati na maji, kutangaza bei kikomo kila mwezi. Huku bei hupanda na kushuka ndani ya siku moja, unapita sheli asubuhi na kurudi jioni ukakuta ubao umebadilika, mpaka ilibidi mwaka 2013 mamlaka ya ushindani ianze kukusanya bei za sheli zote ili watu wazione kwenye simu.

Swali ninaloulizwa zaidi ni kama nikimaliza nalo nitalipeleka bandarini. Hapana, na si kwa sababu ya usukani kuwa kushoto tu. Dizeli ya kisasa ina chujio la masizi kwenye ekzosi. Chujio hilo linajisafisha kwa kuchoma masizi kwa joto kali sana, na linahitaji gari litembee mfululizo ndipo likamilishe kazi. Dizeli ya Ulaya ina salfa isiyozidi sehemu 10 kwa milioni. Kiwango cha Afrika Mashariki kilichoanza 2015 kiliruhusu 50. Ongeza foleni ya Mbezi kila siku, chujio litaziba, gari litapoteza nguvu na kuanza kula mafuta kuliko Prado. Fundi ataniambia dawa ni kulikata chujio lote, gari litakuwa jepesi kweli, na moshi utaingia kwenye vifua vya mama ntilie na vijana wa bodaboda waliosimama nyuma yangu. Stuttgart yenyewe ilizuia dizeli za kiwango cha zamani cha moshi, Euro 4 na za chini yake, kuingia mjini kuanzia Januari 2019 kwa sababu ya hewa chafu. Kupelekea watu wangu kilichokataliwa huku sitaweza.

Kwa mtu anayeishi Dar na kufanya kazi Dar, nashauri haibridi ndogo kutoka Japani. Kwenye foleni injini yake inazima, na breki inarudisha sehemu ya nguvu kwenye betri badala ya kuipoteza. Kwa anayekwenda Mbeya kila wiki, dizeli kubwa iliyotunzwa bado ni mali. Magari ya Japani yana takwimu zake rasmi za kilomita kwa lita, kila modeli, ila kwenye yadi zetu hazisemwi: utaambiwa mwaka, cc, rangi na "full AC." TBS, shirika la viwango, tayari wanayakagua magari yaliyotumika, waandike na takwimu hiyo ibandikwe kwenye kioo, mnunuzi aikate robo akilini kwa ajili ya barabara zetu, na bado atakuwa amejua zaidi kuliko anavyoambiwa leo na dalali.

Shemeji ameanza kujaza tanki mwisho wa mwezi na kunitumia picha za risiti. Hesabu ya mjini ilipotoka chini ya kilomita 7 kwa lita alipeleka nozeli zikasafishwe, na sasa anaulizia bei za haibridi kwa ajili ya dada yangu anayekwenda Posta kila siku.