Tuchome mabua au tuyaache yaoze?

Kila mwaka mvua zikikaribia, kati ya Septemba na Novemba, ugomvi uleule huanza upya Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania. Afisa ugani anasema mabua yasichomwe, kwa kuwa ni chakula cha udongo. Mkulima anajibu kwamba akiyaacha, plau litanasa, funza wa mabua watazaliana na miche ya mahindi itakuwa ya njano. Kila upande una ushahidi wake. Shida ni kwamba wote wanaongea kana kwamba shamba la Makete, juu kwenye baridi, na shamba la Mbarali, bondeni kwenye joto, ni shamba moja.

Msimamo wangu niuseme mapema. Katika mashamba mengi ya mahindi huku kwetu, kuchoma ni hasara. Lakini ushauri wa "acha masalia shambani", jinsi unavyotolewa, nao ni nusu ya ushauri, maana haumwambii mkulima masalia hayo yataoza lini.

Nani anaozesha, wapi, na kwa muda gani: haya ni maswali yaliyomshughulisha kwa miongo kadhaa Diana Wall, mwanabiolojia wa udongo wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado, Marekani, aliyefariki Machi 2024. Alianzia kwenye magonjwa ya mimea na nematodi, minyoo midogo isiyoonekana kwa macho, ambayo baadhi yake hushambulia mizizi ya mazao. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 akawa anakwenda Antaktika, kwenye Mabonde Makavu ya McMurdo, kuchimba udongo. Mkulima wa Vwawa akisikia habari hiyo ana haki ya kuuliza: fedha zote hizo, kwenda kutafuta minyoo kwenye barafu?

Jibu ni kwamba udongo wa shamba una watu wengi mno. Katika kiganja kimoja cha udongo wa Rungwe kuna bakteria, kuvu, nematodi, utitiri na wadudu wa kila namna, hata huwezi kumnyooshea kidole mmoja ukasema huyu ndiye aliyelila jani. Kule Mabonde Makavu, sehemu nyingi zina aina moja, mbili au tatu tu za nematodi. Anayeongoza kwa wingi anaitwa Scottnema lindsayae, na hali ikiwa mbaya hujikausha, akajikunja, akasubiri maji yarudi. Baridi na ukavu wa mabonde hayo ni wa kiasi kwamba mizoga ya sili, wanyama wa baharini, waliopotelea huko imedumu mamia ya miaka bila kuisha. Ukitaka kujua kuoza kunahitaji nini, nenda mahali ambapo vitu haviozi.

Baadaye Wall na wenzake walifanya jaribio ambalo kwangu ndilo lenye uzito zaidi kwetu. Walichukua majani makavu ya aina moja, wakayatia kwenye vifuko vya wavu, wakavisambaza katika vituo 30 vya mabara sita, kuanzia nchi za baridi hadi misitu ya tropiki. Vifuko vingine walivitia nafthalini, ile dawa nyeupe inayowekwa kabatini kuzuia nondo, ili kuwafukuza wadudu na wanyama wadogo wa udongoni. Matokeo yalitolewa mwaka 2008. Pale penye joto la wastani na unyevu, na kwenye tropiki yenye mvua, wanyama hao waliharakisha kuoza. Pale ambapo baridi au ukavu umezidi, kuwepo au kutokuwepo kwao hakukuleta tofauti ya maana. Kwa lugha ya shambani: kwanza maji na joto, wafanyakazi baadaye.

Sasa lichukue tokeo hilo ulilete Uyole, Mbeya. Mvua zinakatika Mei na kurudi Novemba. Mkulima anavuna Juni au Julai, mabua yanabaki yamesimama au yamelala kwenye udongo mkavu, na usiku wa Julai ni baridi. Kwa miezi mitano hadi sita hakuna kinachofanyika cha kutajika. Ndiyo maana Oktoba anayakuta yako karibu vilevile alivyoyaacha, na anahitimisha kwamba mabua hayaozi. Macho yake hayakumdanganya. Mabua yalikuwa bado hayajapewa maji.

Na kanda hii moja ina hali zaidi ya moja. Uwanda wa Kitulo uko kwenye mita 2,600 na zaidi, bonde la Usangu liko karibu na mita 1,000. Kwa kawaida joto hupungua nyuzi sita hivi kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa hiyo kati ya pande hizo mbili kuna tofauti inayokaribia nyuzi kumi. Kwa makadirio yanayotumika sana, kazi ya vijidudu vya kuozesha huongezeka karibu mara mbili kwa kila nyuzi kumi za joto, unyevu ukiwa sawa. Yaani bua lililozikwa Usangu linaweza kwenda kasi maradufu ya lile lililozikwa Kitulo. Kuna mchwa pia. Kwenye maeneo ya chini yenye joto, kama Isimani ya Iringa, mchwa hawasubiri mvua. Wanachukua mabua kiangazi chote, na anayeyaacha kwa ajili ya kufunika udongo anaweza kufika Novemba akute ardhi tupu. Huyo ukimhubiria matandazo atakucheka, na hatakuwa amekosea.

Tuje kwenye hesabu, maana hapa wanaotetea moto hawana pa kukimbilia. Ekari inayotoa magunia 15 ya kilo 100 huacha mabua ya tani moja na nusu hadi mbili. Tani ya mabua makavu ina takriban kilo 6 hadi 8 za naitrojeni. Ekari hiyo basi ina kilo 10 hadi 15 za naitrojeni zimelala shambani, na mfuko wa urea wa kilo 50 una kilo 23. Ukiwasha kiberiti, sehemu kubwa ya naitrojeni hiyo na salfa inapanda na moshi. Ni kama nusu ya mfuko wa urea. Mtu yuleyule aliyepanga foleni ya mbolea ya ruzuku hadi jioni ndiye anayeichoma.

Lakini hesabu hiyo ina mtego, na wataalamu wengi hawautaji. Naitrojeni iliyo kwenye bua haipatikani msimu uleule. Mabua ya mahindi yana kaboni nyingi mno: karibu sehemu 60 kwa kila sehemu moja ya naitrojeni. Vijidudu vinavyoyala vinahitaji chakula kilicho karibu na 25 kwa moja. Pengo hilo vinaliziba kwa kuchota naitrojeni iliyokuwa kwenye udongo, ileile ambayo mche wa mahindi unaisubiri. Mkulima aliyeyafukia Novemba akapanda wiki iliyofuata anaona mahindi ya njano kufikia Krismasi, na anamlaumu aliyemshauri. Mimi niko upande wake. Ukimwambia mtu azike mabua bila kumwambia aongeze mbolea kidogo wakati wa kupanda, au ayazike mapema zaidi, umempa hasara na kuiita elimu.

Moto nao una hoja zake ambazo si ujinga. Potasiamu, fosforasi na kalisi hubaki kwenye majivu, na majivu hupunguza uchachu, yaani tindikali, wa udongo. Udongo mwingi wa Njombe, Mufindi na Mbozi ni wa chachu, kwa hiyo mahindi yaliyopandwa juu ya majivu huanza na nguvu inayoonekana. Nguvu hiyo ni ya muda mfupi, ila mkulima anapima kwa macho na macho yanaona kijani. Kisha kuna funza wa mabua, yule wa nyanda za juu, Busseola fusca. Kiwavi chake hulala ndani ya bua kiangazi kizima, kikisubiri mvua ili kigeuke nondo. Pasua mabua yaliyosimama mwezi wa Septemba utamkuta humo, mweupe mwenye kichwa cha kahawia, ametulia. Moto unamuua. Ugonjwa wa madoa ya kijivu kwenye majani ya mahindi nao hupita msimu kwenye masalia yaliyobaki juu ya udongo, na ni ugonjwa unaofahamika vizuri huku kwetu. Kwa viazi mviringo sibishani kabisa: shamba lenye mnyauko bakteria au baka jani, masalia na viazi vilivyooza vitolewe. Hapo habari ya kulisha udongo ingoje.

Hata hivyo funza ana dawa nyingine. Bua lililolazwa chini, likakatwakatwa na kupigwa jua, humwacha kiwavi bila pa kujificha, wengi hufa. Bua lililofukiwa vizuri humzuia nondo kutoka. Kazi ipo, na kwa jembe la mkono ni kazi nzito, lakini moto si njia pekee.

Mambo haya yalitatuliwa kwa sehemu kubwa kabla ya maabara, na walioyatatua ni jirani zetu. Wamatengo wa Mbinga, kwenye miteremko mikali, wana kilimo cha ngolo. Mvua zikielekea mwisho, karibu Machi, majani yanafyekwa, yanaachwa yanyauke, yanapangwa kwa mistari inayokatana kama wavu, kisha udongo unachimbwa katikati ya kila mraba na kutupwa juu ya majani. Yanabaki mashimo yanayokamata maji, na matuta yenye majani ndani. Juu ya matuta yanapandwa maharage, na mahindi yanafuata mvua za mwishoni mwa mwaka. Wafipa wa Rukwa nao wana matuta ya mviringo, intumba: nyasi zinafukiwa mvua zikiwa bado zipo, maharage yanapandwa juu, na msimu unaofuata matuta yanabomolewa ili kupanda ulezi au mahindi.

Ukiangalia mpangilio huo, kila kitu kiko kwa wakati wake. Majani yanazikwa udongo ukiwa bado na unyevu na joto, si Oktoba kwenye vumbi. Vijidudu vinapochota naitrojeni, zao lililo juu ni maharage, ambayo hujitafutia sehemu ya naitrojeni yake hewani. Mahindi, yenye njaa kubwa, yanakuja baada ya karamu kuisha. Sioni sababu ya kwenda na somo la masalia Mbinga kana kwamba ni jipya; afadhali Mbinga waje kufundisha Mbeya Vijijini. Kasoro yake ni moja na ni kubwa: ngolo inakula nguvu za watu, na vijana wako Tunduma na Mwanjelwa wakifanya biashara.

Wengine watasema sababu kubwa ya kuacha masalia ni tabianchi: kaboni ibaki ardhini. Hapa napunguza mwendo. Udongo wa barafu ya kudumu wa kaskazini mwa dunia umehifadhi takriban tani bilioni 1,500 za kaboni, karibu mara mbili ya iliyo angani, kwa sababu tu baridi ilizuia kuoza. Sisi hatuna friji hiyo. Kwenye udongo wa joto unaolimwa kila mwaka, sehemu kubwa ya kaboni ya mabua inarudi hewani ndani ya misimu michache. Udongo wa volkano wa Rungwe una afadhali, madini yake hushikilia mboji kwa nguvu. Mchanga wa Isimani hauna uwezo huo. Anayekuja kumuahidi mkulima wa Isimani malipo ya hewa ukaa kwa sababu ya mabua, aulizwe maswali mengi kwanza.

Kinachokosekana ni vipimo vya hapahapa, na si ghali. Mwaka 2013 watafiti wa Ulaya walieleza njia ya kupima kuoza kwa pakiti za chai: unazika pakiti ya chai ya kijani, inayooza upesi, na ya roibosi, chai ya mmea wa Afrika Kusini, inayooza polepole, kina cha sentimita nane, unazifukua baada ya siku 90 na kuzipima uzito. Eneo linalolima chai Mufindi na Rungwe lisione hilo kuwa jambo la wazungu. Hata chai haihitajiki. Kata mabua, pima gramu 50, yafunge kwenye kipande cha chandarua chakavu. Mengine yafunge kwenye neti ya viazi yenye matundu makubwa, ili jongoo na nyungunyungu wapite. Zika Kitulo, Uyole, Igurusi ya bonde la Usangu na Isimani, vingine Aprili na vingine Novemba. Shule ya sekondari yenye mizani inaweza kuifanya kazi hiyo, na kituo cha utafiti wa kilimo cha Uyole kingepata namba za kumpa afisa ugani badala ya kauli moja kwa wilaya zote.

Namba hizo hazitamgusa mtu mmoja, naye ni wa kawaida sana siku hizi: aliyekodi. Mtu anayelima ekari tatu za kukodi kwa msimu mmoja hana sababu ya kuulisha udongo ambao mwakani utakuwa wa mwingine. Kwake kiberiti ndiyo hesabu sahihi. Mwenye shamba anapokea kodi yake na kuruhusu ng'ombe wa jirani wamalize kilichobaki, halafu miaka mitano baadaye anashangaa kwa nini wanaokodi wanakimbilia mashamba mengine. Mkataba wa kukodi wa miaka mitatu, wenye mstari unaosema mabua ni ya nani, ungepunguza moshi kuliko semina nyingi za uhifadhi, na watu wa kuanza nao ni wenye mashamba.