Gemu umelipia, ila si yako, uwe huku au nyumbani

Washkaji wengi nyumbani wana imani kwamba ukishafika Ulaya shida za gemu za kompyuta zimeisha, eti unanunua orijino, intaneti inapaa, unacheza mpaka uchoke. Nawaelewa kwa nini mnafikiri hivyo na nusu yake ni kweli, ila nusu iliyobaki ndo inayoniudhi zaidi tangu nije huku.

Tuanze na ya kweli. Baldur's Gate 3 inataka nafasi ya GB 150 kwenye diski, na nyumbani kushusha kitu cha ukubwa huo ni mradi kabisa, unaunga bando juu ya bando, unaacha kompyuta inashusha usiku kucha, umeme unakatika saa nane, asubuhi unakuta haijafika hata nusu na bando limekwisha. Halafu hata ukimaliza, siku unayotaka kucheza ndo inakuja apdeti, na bila apdeti haifunguki. Huku naiwasha, naenda kuoga na kupika, nikirudi iko tayari. Na kadi ya benki mara nyingi haikataliwi. Hapo sina ubishi, huku ni raha.

Ila sasa njoo kwenye kumiliki. Nyumbani tulikuwa tunakopi folda zima kutoka kwenye hard disk ya jamaa, unalibana kwenye GB chache zilizobaki, unabofya, gemu inafunguka. Sisemi ilikuwa halali, waliotengeneza hawakupata kitu, najua. Lakini folda lile lilikuwa lako, halikumuuliza mtu. Mimi niliyelipa hela halali ndo natakiwa niingie akaunti, nithibitishe kwa namba iliyotumwa kwenye simu, nisubiri programu ya duka ijiapdeti yenyewe, ndo ifunguke programu nyingine ya kampuni iliyotoa gemu, nayo inataka akaunti yake na pasiwedi yake, yaani unakuja kugusa gemu hamu imeshaisha. Na hii ni gemu ya kucheza peke yako! Haina mpinzani wa mtandaoni wala nini. Tabia hii si ya juzi pia, Half-Life 2 ilivyotoka 2004 hata aliyenunua boksi lenye diski ndani ilibidi aiwashe kupitia Steam, lile duka la gemu la mtandaoni.

Unachonunua ni leseni tu. Zamani hilo lilikuwa limefichwa kwenye yale maandishi marefu ambayo wote tunabofya "nakubali", ila toka Oktoba 2024 Steam wanakuandikia kabisa kabla hujalipa kwamba unapata leseni ya hiyo bidhaa, kipindi hicho California walikuwa wametoka kupitisha sheria ya kuwabana wauzaji wa vitu vya kidijitali wanaotumia neno "nunua" bila kueleza. Angalau sasa tunaambiwa usoni. Ni sawa na kupanga chumba ambacho mwenye nyumba ana haki ya kuja kung'oa mlango ukiwa umelala.

Na anaung'oa kweli. The Crew ya Ubisoft, gemu ya magari ya 2014, seva, yaani kompyuta za kampuni zinazoiendesha mtandaoni, zilizimwa tarehe 31 Machi 2024, na kwa kuwa ilihitaji seva hata ukiwa unaendesha peke yako, ikafa yote. Baadaye watu wakaanza kunyang'anywa leseni kwenye akaunti zao. Hapo uishi Paris, uishi kijijini, mmepoteza sawasawa.

Kuuza gemu uliyoimaliza nako sahau. Mahakama moja ya Paris ilisema 2019 kwamba wachezaji wa Steam wana haki ya kuuza gemu zao mkono wa pili, tukashangilia, 2022 mahakama ya rufaa ikaitupa ile hukumu.

Lakini linalotuuma sisi tuliohama ni hili la nchi, na wenyeji wa huku hata hawalijui. Akaunti yako ina nchi. Ukihama, unatakiwa ulipe kwa kadi ya nchi mpya ndo wakubadilishie, na Steam hawakuruhusu kubadilisha zaidi ya mara moja kila miezi mitatu. Duka jingine ambalo silitaji liliniganda katikati, kadi ya huku inakataa kwa sababu akaunti ni ya nyumbani, akaunti haibadiliki kwa sababu hakuna malipo ya huku, na kila nikiandika kwa huduma kwa wateja najibiwa na roboti yenye adabu sana ambayo haisomi swali.

Nikasema basi nimtumie mdogo wangu gemu kama zawadi. Bei za nchi mbili zikipishana sana zawadi haiendi. Nikamwambia tuunganishe laibrari zetu za gemu, kumbe ule mpango wa familia wa Steam ni kwa watu wa kaya moja, nchi moja. Sisi ni familia ila mfumo hautujui.

Na msisahau Helldivers 2, Mei 2024, Sony walipotaka kila mchezaji wa PC awe na akaunti ya PSN, mtandao wao wa PlayStation, wakati nchi nyingi za Afrika haziruhusiwi hata kuifungua. Watu walishauziwa tayari! Gemu ikaondolewa sokoni kwenye nchi zaidi ya 170, wachezaji wakaijaza Steam maoni mabaya, Sony wakarudi nyuma kwenye hilo sharti ndani ya siku chache tu. Kwa hiyo kelele zinasaidia, hasa zikipigwa na wengi.

Hapo ndo naipa Ulaya maksi zake, siyo kwenye intaneti. Huku mtu analalamika na kuna mahali pa kupeleka. Januari 2021 Tume ya Ulaya iliwapiga Valve, wenye Steam, na kampuni nyingine tano faini ya jumla ya euro milioni 7.8 kwa kuzuia gemu iliyonunuliwa nchi moja isifunguke nchi nyingine ndani ya Ulaya yenyewe. Mpaka wa Ulaya na kwetu hauwahusu.

Kuna na ile kampeni ya Stop Killing Games iliyoanza baada ya The Crew, inataka kampuni zikizima seva ziache gemu ikiwa inachezeka, imepata sahihi zaidi ya milioni 1 za Ulaya. Nilienda kuweka yangu. Ilitaka uwe raia wa nchi ya Umoja wa Ulaya, kuishi na kulipa kodi huku hakukutosha, kwa hiyo kwenye hilo mimi na mdogo wangu aliyeko nyumbani tuko ngoma droo. Siku hizi nanunua GOG, duka linalouza gemu zisizodai kuthibitishwa mtandaoni, kila gemu inapopatikana kule, nashusha faili la kuinstolia, naliweka kwenye hard disk ya pembeni, na zile zinazodai intaneti ya kudumu nasubiri ofa kubwa au naziacha.