Mgomo wa Diski ya Kwaya

Diski ya nje ya kwaya yetu ilianza mgomo wake bila kelele. Taa iliwaka kama kawaida, jina lake likatokea kwenye skrini, folda zote zikafunguka, na nyimbo za miaka iliyopita zikasikika vizuri mwanzo hadi mwisho. Lakini nilipojaribu kuingiza rekodi mpya za mazoezi, kompyuta ikanijibu kwamba mfumo wa faili, yaani utaratibu unaopanga faili ndani ya diski, ni wa kusoma tu. Nikajaribu kufuta faili moja isiyo na maana, ikakataa. Nikajaribu kubadilisha jina la folda, ikakataa. Nikaunda folda mpya, tupu, isiyohitaji nafasi yoyote ya kuonewa choyo, nayo ikakataliwa vilevile. Ilikuwa kama mzee wa barazani aliye tayari kukusimulia ya kale kutwa nzima, lakini ukimwambia jipya moja tu anaziba masikio.

Mimi ndiye mtunza kumbukumbu wa kwaya, cheo nilichokabidhiwa kwa sababu siku ya uchaguzi nilikuwa mtu pekee aliyejua ile kebo inaingia kwa upande gani. Kwa hiyo mgomo huo ulikuwa wangu kisheria.

Wa kwanza kufika alikuwa binamu yangu, ambaye anasomea kompyuta na ambaye hajawahi kukutana na tatizo lisilo dogo. "Kaka, hilo ni suala la ruhusa tu," akasema, akavuta kiti, akaandika amri ya chmod 777, inayompa kila mtu ruhusa ya kila kitu, kwa diski nzima, akaitanguliza na sudo ili mfumo ujue kwamba anayesema ni mkuu wa nyumba, kisha akabonyeza kitufe kwa kidole kimoja kilichonyooka. Skrini ikaanza kutiririka. Diski ilikuwa na maelfu ya faili, na kila moja iliona ni heshima kukataa yenyewe, kwa jina lake kamili na anwani ya folda yake, huku binamu akitikisa kichwa kana kwamba anasoma matokeo aliyoyatarajia. Aliposhindwa kuisimamisha tukaketi kuitazama hadi ikamaliza.

Sudo isingeweza kusaidia. Ruhusa huamua nani anaweza kuandika ndani ya mfumo wa faili ambao tayari unapokea maandishi. Mfumo wa faili wenyewe ukifunguliwa kwa kusoma tu, hakuna wa kuruhusiwa, hata mkuu. Binamu alilielewa jambo hilo mara moja, akapendekeza tuifomati diski, yaani tuifute yote na kuianza upya.

Mwenyekiti wa kwaya alikuja na nadharia tofauti. Alikuwa amesikia mahali kwamba vifaa vya aina hii vina kifungo cha kufuli pembeni, na kwamba watu wengi huhangaika bure kwa kutokukitafuta. Akavaa miwani, akawasha tochi ya simu, akaigeuzageuza diski kiganjani, akapapasa pembe zote nne kwa ukucha wa kidole gumba, kisha akatulia ghafla. Karibu na tundu la kebo palikuwa na kijitundu kidogo cha mviringo. "Hiki hapa," akanong'ona. Akaomba pini. Nilimwomba achomoe kebo kwanza, akachomoa, akaingiza pini, akabonyeza kwa uangalifu wa daktari wa macho, na akatuhakikishia kwamba amesikia kitu kikibonyea ndani. Tulipoichomeka tena, diski ilibaki na msimamo wake, ila taa ya kuonyesha kwamba inafanya kazi ilikuwa imezama ndani kidogo na sasa inamulika upande. Kijitundu kilikuwa cha taa.

Kwa kumtendea haki, kifungo anachokisema kipo duniani: kadi za SD zina kidude cha kusogeza ubavuni, na baadhi ya flashi nazo zina swichi kama hiyo. Hata hivyo kidude cha kadi ya SD chenyewe hakifungi chochote. Tundu la kompyuta ndilo linalohisi kimesogezwa wapi na kuamua kuheshimu. Diski yetu haikuwa na kitu cha namna hiyo, na baada ya pini sikuwa tayari kuendelea kukitafuta.

Ikaamuliwa tupate rai ya pili. Mwimbaji mmoja wa sauti ya kwanza alikuwa na kompyuta ya Mac, akaichomeka diski pale, nyimbo zikasikika, na alipojaribu kuburuta faili moja kuiingiza, kompyuta haikukubali. Hapo kesi ikafungwa. Mashine mbili, za mifumo miwili tofauti, zisizofahamiana, zimesema neno moja: diski imekwisha. Nilijaribu kueleza kwamba shahidi wa pili hakuwa shahidi, kwa kuwa diski ile ilifomatiwa kwa NTFS, mfumo wa faili uliotoka pamoja na Windows NT mwaka 1993, na macOS husoma NTFS lakini haiiandikii bila kuongezewa programu maalumu. Kwamba Mac ile ingetoa jibu lilelile hata kwa diski ya NTFS iliyotoka kiwandani asubuhi hiyo. Lakini Mwenyekiti alikuwa tayari ameshika simu na anaandika kwenye kundi la kwaya.

Nanukuu tangazo lake lote, maana ndilo lililonigharimu usingizi. "Kuhusu: Mtunza Kumbukumbu. Ndugu wanakwaya, tangu jana jioni hakuna kinachoingia. Ya zamani yote yapo sawa, ila jipya halikubaliki hata kidogo. Wataalamu wawili wamejaribu wameshindwa. Tujiandae kwa michango."

Simu yangu ilianza kuita kabla hajaiweka yake mezani. Mama mmoja wa sauti ya pili, mtu mzima anayeheshimika sana, hakusubiri hata salamu ikamilike.

"Mwanangu, hata maji hayaingii?"

"Shikamoo, Mama. Maji yanaingia vizuri, ni rekodi tu zisizoingia."

Kimya kikapita, kisha nikamsikia akimwambia aliyekuwa karibu naye kwa sauti ya chini, "Ameanza kuweweseka." Aliyefuata alitaka kujua kama bado nawatambua watu, akanitajia majina ya wanakwaya wanne ili nimwambie kila mmoja anaimba sauti gani. Nilijibu sawasawa, naye akasema ndiyo, wameambiwa ya zamani yapo.

Nikaizima simu, nikafanya jambo ambalo lilipaswa kutangulia pini na michango: nikanakili kila kitu kutoka kwenye diski hadi kwenye kompyuta. Diski inayosomeka lakini haiandikiki si msiba. Kwa kunakili ndiyo hali nzuri kuliko zote, kwa sababu hakuna mtu, hata binamu, anayeweza kuharibu kitu. Wakati wa kunakili ukiwa unasonga, nikaitazama afya ya diski kwa smartctl. Sekta mbovu zilizohamishwa: sifuri. Sekta zinazosubiri kuhamishwa: sifuri. Mgonjwa hakuwa na homa. Diski za SSD zikifika mwisho wa umri wake zinaweza kujifunga zisiandikike tena, na hilo lingekuwa jambo la kuogopwa, lakini hii ilikuwa ya sahani zinazozunguka, na ilizunguka bila mkwaruzo wowote.

Ndipo nikasoma kumbukumbu za mfumo, yaani mahali ambapo Linux, mfumo unaoendesha kompyuta yangu, huandika kila inachokiona wakati kifaa kinapochomekwa. Maelezo yalikuwapo tangu mara ya kwanza, kwa adabu kabisa, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ameyatazama: mfumo wa faili haukufungwa ipasavyo, taarifa zake bado zimeshikiliwa na Windows, kwa hiyo diski inafunguliwa kwa kusoma tu, tafadhali iamsheni Windows, kisha muizime kabisa.

Sisi hatukuwa na Windows. Aliyekuwa nayo ni shemeji, mume wa dada yangu, mwimbaji wa besi, aliyeazima diski ile wiki hiyo ili, kwa maneno yake, ajikumbushe nyimbo. Nikaenda kwake nikiwa na diski mkononi.

"Shemeji, siku uliyoitumia diski, kompyuta uliizima?"

"Niliizima. Nikangoja mpaka skrini ikawa nyeusi na taa zote zikazimika, ndipo nikachomoa. Mimi si mtu wa kuchomoachomoa."

Nilimwamini, na bado namwamini, kwa sababu alifanya kila ambalo mtu mstaarabu angefanya. Shida ni kwamba tangu Windows 8 ya mwaka 2012, kompyuta nyingi zikiambiwa zizime huwafunga watumiaji na programu zao, lakini kiini cha mfumo hakifungwi. Hali yake huandikwa kwenye faili liitwalo hiberfil.sys ili siku inayofuata mashine iwake upesi. Katika usingizi huo kiini kinaweza kuendelea kuamini kwamba diski ya nje bado iko mahali pake, huku daftari la diski yenyewe, ambamo mabadiliko huandikwa kabla ya kukamilishwa, likiachwa wazi katikati ya ukurasa. Linux ikilikuta daftari katika hali hiyo haithubutu kuandika, maana Windows ikiamka na kuendelea kuandika kwa imani yake ya zamani, faili zinaweza kuvurugika pande zote mbili. Upo uwezekano wa kulazimisha kwa programu ya ntfsfix, ambayo inaweza kuifuta alama ya hatari na kulisafisha daftari bila kumaliza kazi zilizokuwa zimeandikwa humo, na binamu alikwisha kuniletea amri hiyo ikiwa tayari kwenye karatasi. Lakini mwenye daftari alikuwa hai, tena ni shemeji, na adabu ilitaka aulizwe.

"Kwa hiyo naomba uiwashe," nikamwambia, "ili tuizime."

"Imezimwa."

"Najua. Tunaiwasha ili tuizime vizuri. Na tukishaiwasha hatutachagua kuzima, tutachagua kuwasha upya, kwa sababu kuwasha upya ndiko hufunga mfumo mzima."

Shemeji alinitazama kwa muda mrefu. "Yaani kuizima siko kuizima, na kuiwasha ndiko kuizima?"

"Naam."

"Nimeliona tangazo la Mwenyekiti," akasema kwa upole, akanivutia kiti.

Aliiwasha hata hivyo, kwa namna ya mtu anayemridhisha mgonjwa. Tukaichomeka diski, Windows ikaomba ruhusa ya kuikagua, tukairuhusu, ikamaliza upesi bila kulalamika. Tukaiwasha upya kompyuta. Iliporudi, nikamwomba aitoe diski kwa njia ya usalama, kile kialama kidogo cha chini ya skrini, na hapo uso wake ukabadilika.

"Hicho huwa hakifanyi kazi," akasema. "Siku ile kiliniambia diski inatumika, nami nilikuwa siitumii. Nilikuwa nasikiliza tu."

"Unasikiliza nini?"

Hakujibu, lakini programu ya muziki ilijibu kwa niaba yake, kwani orodha ya vilivyofunguliwa karibuni ilikuwa na wimbo mmoja uliorudiwa kuanzia juu hadi chini ya skrini. Niliufahamu. Ulikuwa ule wa mazoezi ambapo besi zinapaswa kunyamaza hadi mwalimu ainue mkono wa kushoto, na ambapo besi moja, yenye nguvu na uhakika, iliingia peke yake wakati kwaya nzima imevuta pumzi. Shemeji alikuwa akichunguza, kwa umakini unaostahili kazi ya kisayansi, kama inasikika. Wimbo ukiwa umesimamishwa nusu, Windows ilikataa kuiachia diski. Naye, kwa kuona haiachiwi, akaizima kompyuta nzima, na kompyuta ikazimika kwa ile namna yake ya kutokuzimika.

Safari hii diski iliachiwa mara moja. Nilirudi nayo nyumbani, nikaichomeka, nikaunda folda tupu, ikakubali, nikaifuta, ikakubali, nikaiunda tena kwa ajili ya kuona tu. Rekodi mpya zikaingia zote. Binamu akauliza kwa nini sasa tusiihamishie exFAT, mfumo mwingine wa faili ambao Mac, Windows na Linux zote huuandikia, na ambao Linux imeupokea rasmi ndani ya kiini chake tangu toleo la 5.4 la mwaka 2019. Ni swali zuri, na kwa mara ya kwanza fomati yake ilikuwa na hoja, kwa kuwa nakala tulikuwa nazo. Nilikataa kwa sababu exFAT haina daftari la namna ile kabisa. Kebo ikichomolewa katikati ya kuandika hakuna wa kusema kilikuwa kinaandikwa nini, na kwaya yetu ina wachomoaji wengi kuliko wapiga kinanda. Badala yake nilimwomba shemeji aendeshe amri ya powercfg /h off, inayoua ule usingizi moja kwa moja, akakubali, na tangu hapo analalamika kwamba kompyuta yake inachelewa kuamka.

Mwenyekiti naye aliandika kwenye kundi kwamba Mtunza Kumbukumbu ameanza kupokea, nami nikapata simu za pongezi hadi usiku.

Ya mwisho ilitoka kwa shemeji. Alizunguka sana, akauliza habari za watoto mara mbili, kisha akasema kwamba kwa kuwa diski sasa inaandikika, na kwa kuwa mimi ndiye mwenye dhamana, angeshukuru iwapo ile rekodi moja ya besi ningeifuta kabla Mwenyekiti hajaipigisha kwenye mkutano. Nilimwambia ningependa sana kumsaidia, lakini kwa bahati mbaya faili hiyo ni ya kusoma tu.