Kifo kinachoshinda kesi

Jamani, imetosha. Mtu akiulizia riwaya ya kumpa kijana mwenye sonona, jina la kwanza kutajwa ni Thirteen Reasons Why ya Jay Asher. Ilitoka 2007 na bado inagawiwa watoto kama dawa ya minyoo.

Hannah Baker amejiua. Kabla ya hapo amerekodi kaseti saba, pande 13, anataja nani alimfanyia nini, na kaseti zinapitishwa kutoka kwa mtajwa mmoja hadi mwingine. Clay, mwanafunzi mwenzake aliyempenda, anazisikiliza usiku kucha huku moyo unamuuma. Wakosaji wanaumbuka mmoja baada ya mwingine. Hebu pigeni hesabu: alipokuwa hai hakuna aliyemsikiliza, alipokufa anasikilizwa na wote, neno kwa neno, bila kukatizwa. Kijana wa miaka 15 aliyetengwa na darasa zima haoni onyo hapo. Anaona mpango kazi. Kifo kimempa Hannah sauti, hadhira, hukumu, na mvulana anayempenda kweli.

Kosa hilo ni la kiufundi kabla halijawa la maadili. Ukimpa marehemu usimulizi, msomaji hapati hata ukurasa mmoja wa kuhisi kwamba hayupo. Anayejiua haoni nani analia msibani kwake. Halafu zile sababu 13: zote ni watu na waliyotenda, ugonjwa haupewi hata upande mmoja wa kaseti. Na upande wa mwisho ni wa nani? Bw. Porter, mshauri wa shule, mtu pekee ambaye kusaidia ndiyo kazi yake, naye anaboronga. Asante sana kwa ujumbe huo.

Netflix waliitoa kama tamthilia Machi 31, 2017, na tukio lenyewe la kujiua wakalionyesha waziwazi. Waliliondoa Julai 2019, zaidi ya miaka miwili baadaye. Mwaka huohuo utafiti ulionyesha kuwa Aprili 2017 vifo vya kujiua kwa Wamarekani wa miaka 10 hadi 17 vilipanda kwa asilimia 28.9. Haya, nakubali: watafiti wengine waliirudia hesabu ile wakaibishia, na ongezeko lilionekana hasa kwa wavulana ilhali mhusika ni msichana. Lakini Shirika la Afya Duniani limekuwa na mwongozo kwa vyombo vya habari tangu 2000: usieleze njia, usikipe kifo sababu moja, usikifanye suluhisho. Hakuna anayeweza kusema hakuambiwa.

Tuje kwenye ugonjwa wenyewe. Kijana wa riwayani analia dirishani, mvua ikinyesha. Wa kweli anamfokea mdogo wake kwa ajili ya chaja, anakesha hadi saa tisa usiku kisha haamki, anaacha mpira bila kusema kwa nini, na alama za hisabati zinaporomoka. Vigezo vya madaktari ni dalili tano kati ya tisa kwa wiki mbili au zaidi, na kwa umri huo hasira inaweza kushika nafasi ya huzuni. Ndiyo maana nyumbani anaitwa jeuri. Na dawa! Riwayani, ukurasa wa 210 anameza kidonge, wa 214 anacheka. Dawa za sonona kama fluoxetine huchukua wiki kadhaa kufanya kazi, na wiki za mwanzo ndizo za kumwangalia kwa karibu, maana mawazo ya kujiua yanaweza kuongezeka. Marekani iliamuru onyo hilo kwenye dawa hizi mwaka 2004.

Penzi linaloponya sonona? Tuendelee.

Kwenye msiba, waandishi wanazipanga zile hatua tano za daktari wa akili Elisabeth Kübler-Ross, kuanzia kukana hadi kukubali, kana kwamba ni sura za kitabu. Mwaka 1969 aliziandika kutokana na mazungumzo na wagonjwa waliokuwa wakikabili kifo chao wenyewe, si na wafiwa. Kijana aliyefiwa anaweza kucheka msibani, akacheza mpira kesho yake, wazee wakamshangaa, kisha miezi minane baadaye akavunjika mbele ya fomu ya shule inayouliza jina la mama.

Anayetaka mfano wa riwaya iliyopatia asome It's Kind of a Funny Story ya Ned Vizzini, 2006. Craig ameacha dawa kwa sababu alijisikia nafuu, kosa la wagonjwa wengi. Usiku hali inamzidi, anapiga simu ya msaada, anaambiwa aende hospitali, anakwenda kwa miguu, analazwa siku tano. Hatua hizo zinaigika. Utafiti wa Austria wa 2010 ulihusisha habari za namna hii, za mtu aliyezidiwa akapata njia nyingine, na kupungua kwa vifo. Ndiyo, wodini Craig anapata msichana, na hapo Vizzini naye akateleza kama wenzake. Vizzini mwenyewe alijiua 2013, na wapo wanaotumia kifo chake kuikejeli riwaya. Waacheni. Simu aliyoiandika bado inaonyesha la kufanya usiku ule.