Mlo Mkubwa Uliwe Saa Ngapi? Ulizeni Ukweni

Nyumbani kwetu suala la mlo upi uwe mkubwa halijawahi kupigiwa kura, ila kambi zipo. Mimi ni Msukuma wa Kwimba. Kwetu asubuhi mtu anakunywa uji au anatafuna michembe, anashinda shambani, na jioni jembe likishawekwa chini ndipo ugali unasongwa na watu wanakaa kula. Ukilala bila ugali, hata kama mchana ulichinjiwa mbuzi, mama atawaambia majirani kwamba mtoto kalala njaa.

Mke wangu ni Mdigo wa Tanga. Kwao chakula ni cha adhuhuri: wali wa nazi, samaki, mchuzi, halafu mtu anajinyoosha kwenye mkeka mpaka alasiri. Usiku ni chai na mkate, ikizidi sana na kipande cha muhogo. Miezi ya mwanzo ya ndoa mimi nilidhani nimeoa mwanamke mchoyo, yeye akadhani ameolewa na mtu mwenye minyoo. Tukamaliza ugomvi wanavyomaliza wanasiasa, kila upande ukapewa chake. Tukawa tunakula sana mchana na tunakula sana usiku.

Majibu yakaja kwenye mashine. Nilikwenda kupima katika kituo kimoja cha afya, asubuhi kabla sijatia kitu mdomoni, sukari ikasoma 6.3. Kisukari huhesabiwa kuanzia 7.0, kwa hiyo nilikuwa sijaingia ndani, lakini nilishafika barazani nabisha hodi. Daktari, binti mpole kabisa, akanieleza kwamba asubuhi insulini hufanya kazi vizuri kuliko usiku, na mimi ndiyo kwanza usiku nailetea ugali halafu nazima taa. Akasema nipunguze chakula cha usiku, na kama ni lazima mlo mmoja uwe mkubwa, basi uwe wa asubuhi. Alizungumza pia habari za mboga za majani, kutembea kwa miguu na kupunguza chakula kwa ujumla, ila hapo palikuwa na kelele kidogo pale nje.

Jioni ile nikaitangazia familia.

"Kuanzia sasa mlo mkubwa ni wa asubuhi."

"Na mchana?" mke wangu akauliza.

"Kidogo tu."

"Na usiku?"

"Kidogo zaidi. Ni mambo ya kitaalamu."

"Sawa, baba watoto. Jumamosi tunakwenda Tanga. Huo utaalamu ukawaeleze wazazi wangu mwenyewe."

Jumamosi kabla hakujapambazuka tulikuwa stendi ya Magufuli, Mbezi. Safari ni kilomita kama 350, na mtu mwenye msimamo hasafiri tumbo likiwa tupu. Nikaagiza bakuli kubwa la makongoro, chapati mbili, mayai ya kuchemsha na chai ya maziwa ya kushushia. Yalikuwa makongoro ya kweli, yale ambayo ukifunga mdomo midomo inagandana na inabidi uibandue. Mke wangu alinunua chupa ya maji.

"Wewe huli?"

"Nakwenda kwa mama yangu. Nikijaza hapa, huko nitakula kwa tumbo la nani?"

Nikamwonea huruma, maana alikuwa bado hajaelewa sayansi. Nikaongeza chapati.

Kuhusu basi sitasema mengi. Nitasema tu kwamba barabara ile ina matuta, na dereva wetu aliyapanda yote kwa imani. Kila tuta makongoro yalipanda nalo na kushuka nalo. Kabla hatujafika Chalinze nilishamwendea kondakta nikamwomba kwa heshima tusimame kidogo nichimbe dawa. Akanitazama tumbo, akanitazama uso, akasema, "Mzee wangu, siku hizi porini hatusimami. Jikaze mpaka hotelini." Nilijikaza. Basi liliposimama, wenzangu walikimbilia chipsi, mimi nikakimbilia upande wa pili wa jengo, na mhudumu wa choo alipodai hela kwanza nilimwachia noti nzima bila kungoja chenji. Tukafika Segera, pale wanaokwenda Moshi wanaponyoosha na sisi tunakata kulia. Muheza vijana wakaja madirishani na machungwa. Siku nyingine nanunua mfuko mzima. Siku hiyo harufu tu ilinitosha.

Ukweni ni Ngamiani. Tulifika adhuhuri imeiva, na pilau niliisikia tangu kona ya mtaa. Shikamoo baba, marahaba. Shikamoo mama, marahaba mwanangu, mbona umekonda? Sijakonda. Mama mkwe ananiambia hivyo kila mwaka, nami kila mwaka nanenepa.

Shemeji yangu mkubwa akaniletea kikoi. "Vua hiyo suruali shemeji, joto la Tanga hili." Watu wa pwani wanazaliwa wanajua kufunga kikoi, mimi nilizaliwa najua kufunga ng'ombe. Akanifunga yeye mwenyewe, akakunja, akakaza, akasokota pindo likalala kiunoni. Ndani nilibaki na bukta. Hiyo bukta ikumbukwe.

Tukakaa mkekani wanaume wanne: mzee, mashemeji wawili na mimi. Likaja sinia. Pilau ya mbuzi imefanya mlima, juu yake vipande vya kolekole wa kukaanga, pembeni kachumbari, achari ya embe na ndizi mbivu. Tumboni makongoro ya Mbezi yalikuwa bado yamekaa hayana hata dalili ya kuaga. Mafuta yana tabia hiyo, ndiyo ya mwisho kuondoka.

Sasa, mtu wa bara hawezi kujua ubaya wa sinia mpaka aliendee ameshiba. Kwenye sahani yako unaweza kudanganya: unasambaza wali, unaficha nyama chini ya mchicha, unashukuru unanyanyuka. Kwenye sinia kila mtu ana eneo lake, na mpaka unaonekana wazi. Wenzangu walikuwa wanachimba, upande wangu umesimama vilevile. Na mzee naye alikuwa na jambo lake. Kila nilipofanikiwa kuondoa tonge moja, alikuwa anachagua pande la nyama kwa vidole vitatu, analisukuma taratibu juu ya wali mpaka linavuka mpaka linaingia kwangu.

"Kula mwanangu. Hiyo laini."

"Ahsante baba."

Linakuja jingine. "Na hii ya mbavu."

Nikajaribu kulipitisha kwa shemeji mdogo. Shemeji mdogo, kijana mwenye adabu zake, akalirudisha. "Mgeni kwanza, shemeji." Nikala. Nikatafuna nyama nikiwa nimetazama dari, ninahesabu mbao. Kikoi kikaanza kunibana hata pumzi ikawa inaishia kifuani, basi kwa mkono wa kushoto, kimyakimya, nikalilegeza pindo. Likanipa nafuu. Nikalilegeza tena kidogo. Likaachia lote, na kwa kuwa nilikuwa nimekaa, nikaona hakuna tatizo.

Mlangoni ikasikika hodi. Bibi yake mke wangu, mama wa mama mkwe, ameletwa kutoka nyumba ya jirani aje amwone mkwe. Bibi huyo ana miaka mingi kuliko jamhuri. Nyuma yake yupo mama mkwe anamshika mkono, nyuma ya mama mkwe yupo shangazi, nyuma ya shangazi wanawake wa ua mzima. Nilivyolelewa mimi, mzee wa namna hiyo huamkiwi kwa kukaa.

Nikasimama. Kikoi hakikusimama.

Mama mkwe akavuta kanga akajifunika uso wote. Shangazi akasema "Yallah!" akageukia ukutani. Bibi, ambaye macho yake hayaoni mbali, akauliza, "Mbona huyu kavaa majani?" Kwa sababu bukta yenyewe ni ya Yanga, kijani kibichi yenye michirizi ya njano, na nembo imekaa mbele wala haina aibu. Mke wangu alikuwa dirishani upande wa jikoni. Hakuja kunisaidia. Alishuka polepole dirishani mpaka akapotea, na kutoka chini pale ikawa inasikika sauti ya mtu anayekosa hewa.

Mzee hakutikisika kwa habari ya kikoi. Mzee ni Simba wa damu, kalenda nyekundu imetundikwa juu ya kichwa chake. Aliitazama bukta kwa muda, tonge likiwa mkononi, kisha akaita kuelekea jikoni: "Wewe binti! Miaka yote hii hukuniambia?"

Shemeji akanifunga upya, safari hii akaweka na mkanda.

Nilijifariji kwa jambo moja tu: nyumba hii usiku ni chai na mkate. Magharibi ikapita, vikombe vikaletwa, mkate wa kumimina ukakatwa vipande, nikachukua kimoja chembamba nikasema alhamdulillahi na mimi. Hapo shangazi akatokea jikoni jasho linamtiririka, mikononi ana sinia dogo limefunikwa kawa.

"Tumekusongea ugali, mkwe. Wa dona, unga tumeuazima mtaa wa pili. Tunajua ninyi watu wa bara hamlali bila ugali."

Akafunua. Ulikuwa umesimama kama kichuguu, unafuka moshi, pembeni bakuli la samaki wa kupaka. Na ulikuwa wangu peke yangu. Watu wote wakashika vikombe vyao vya chai wakanigeukia kunitazama, kwa upendo, watoto wamekaa mbele ili waone vizuri. Mke wangu akaninong'oneza, "Usimvunje moyo shangazi, katoka asubuhi kutafuta huo unga." Halafu akauma mkate wake, kipande cha ukubwa wa kidole.

Ningesema nini? Kwamba siku hizi mimi ni mtu wa mlo wa asubuhi? Nikanawa mikono.

Saa sita za usiku usingizi ulikataa. Nikilala chali napumua kwa shida, nikilala ubavu ugali unahamia upande huo. Nikatoka uani nitembee. Mwezi ulikuwepo, na chini ya mwembe kulikuwa na mtu anatembea kutoka ukutani mpaka tangini, kutoka tangini mpaka ukutani, mkono mmoja kiunoni na mwingine anajisugua tumbo. Akateuka. Ilikuwa teusi ya pilau.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Na wewe?"

"Na mimi."

Tukatembea pamoja. Mzunguko wa tatu hivi akasimama, akatazama madirisha, akaniegemea.

"Mwanangu, ile nyama ya mchana. Ulidhani nakukirimu?"

"Si ulikuwa unanikirimu baba?"

"Nilikuwa natoroka. Nina presha, daktari kanipunguzia nyama na mafuta tangu Ramadhani. Lakini sinia likirudi jikoni na nyama, mama yenu anakaa kimya siku nzima. Ulipokuja wewe, mtu wa kula, nikasema Mungu kaniletea mlango."

Nikamweleza habari za 6.3, habari za asubuhi, mchana na usiku. Alisikiliza kwa makini sana kuliko mtu yeyote niliyewahi kumweleza.

"Mlo mkubwa mimi ningependa usiwepo kabisa," akasema. "Tatizo ni nani wa kumwambia."

Dirisha la chumba cha mama mkwe likafunguka.

"Nani huko uani usiku huu?"

"Ni sisi," mzee akajibu. "Tunapunga upepo."

"Mna njaa?"

"Hapana!" Tulisema kwa pamoja, kwa sauti iliyoamsha kuku.

"Haya, msione haya basi," akasema, na tayari tulisikia kiberiti kinawashwa. "Pilau imebaki, naipasha mara moja. Na ugali wa mkwe nao upo, ule wa pili."