Randa ya zamani ina miaka mingapi? Bledi iulize mwisho kabisa

Naanza na aibu yangu mwenyewe. Randa yangu ya kwanza ya zamani ilikuwa Stanley namba 4, randa ya chuma ya kampuni ya Kimarekani, siku nilipoifungua kuisafisha nikakuta nyuma ya frogi, yaani kile kichuma cha mteremko ambacho bledi inalalia, kuna maandishi APR-19-10, basi nikaruka juu, nina randa ya 1910! Nikatangaza kila mahali. Watu wakanipongeza weee, mpaka fundi mmoja mzee akaishika, akaigeuza geuza, akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, hili tundu la kibanio mbona limekaa kama figo?" Nikamwambia si tundu tu mzee wangu, matundu si yanafanana. Akacheka tu akanirudishia randa yangu.

Kumbe tundu ndo lilikuwa habari yenyewe. Kibanio cha Stanley, kile kipande cha juu kinachokandamiza bledi, kabla ya 1933 kilikuwa na tundu kama la ufunguo wa mlango wa zamani, la umbo la figo limekuja 1933. Na ile tarehe niliyoishangilia ni tarehe ya hataza, yaani haki ya uvumbuzi. Inakwambia kitu kimoja tu, kwamba chuma hicho hakikusubuliwa kabla ya siku hiyo. Kiwanda kiliendelea kuipiga tarehe hiyohiyo kwenye randa mpya miaka na miaka, kwa hiyo kuisoma kama mwaka wa kutengenezwa ni sawa na kusema shati lako umelinunua siku cherehani ilipovumbuliwa.

Sasa maoni yangu ni haya, na najua wapenzi wa vyombo vya zamani watanuna: swali la "ni ya mwaka gani" tunaliuliza mapema mno. La kwanza ni je, hivi vipande vimetoka kiwandani pamoja? Maana randa ya chuma inafunguka kwa bisbisi moja, ina bledi, kivunja maranda, kibanio, frogi, mpini, kishikio cha mbele, nati ya shaba ya njano ya kurekebisha bledi, na kila kimoja kati ya hivyo kimeweza kubadilishwa na fundi ambaye alikuwa na kazi ya kumaliza na wala hakuwa na habari na sisi wa kuja kukodoa macho miaka mia baadaye.

Ndo maana mimi nasoma mwili kwanza. Mwili ni kipande kigumu kubadilisha, ukivunjika mtu anatupa randa nzima. Kwa Stanley namba 4 angalia sehemu ile iliyo nyuma ya frogi. Ukikuta tarehe mbili, zote za 1902 (Machi 25 na Agosti 19), chungulia chini ya ile nati ya kurekebisha, kuna skrubu ndogo ya kusogeza frogi mbele na nyuma? Hiyo skrubu imeanza 1907. Kama haipo uko kati ya 1902 na 1907, kama ipo ni 1907 hadi 1909. Ukikuta tarehe tatu, zile mbili pamoja na Aprili 19, 1910, hapo ni 1910 hadi 1918, na kishikio cha mbele kinapaswa kuwa kifupi, kama kitunguu. Baadaye kishikio kikarefuka na tarehe zikaanza kupungua mpaka zikaisha kabisa. Yangu ilikuwa na tarehe tatu na kishikio kifupi, safi, sema kibanio ni cha 1933 au baada ya hapo. Kwa hiyo mwili wa babu, kofia ya mjukuu.

Halafu kuna hili suala la "taipu", yaani namba za kupanga matoleo ya randa hizi kwa miaka. Watu wanabishana mpaka wanagombana, hii ni taipu 11, hapana ni taipu 12. Jamani, pale kiwandani New Britain, Connecticut, hakuna mtu aliyekuwa anasema leo tunaanza taipu 12! Hizo namba wameziweka wakusanyaji baadaye kabisa, kwa kulinganisha randa nyingi walizozikusanya. Kiwanda kilikuwa kinamaliza mabaki ya stoo kwanza, kama vibanio vya zamani bado vipo vinafungwa kwenye miili mipya, kwa hiyo randa yenye mchanganyiko wa taipu mbili jirani inaweza kuwa haijaguswa na mtu tangu itoke. Tofauti ya miaka miwili mitatu isikutishe. Ya miaka 15 kama yangu, hapo kuna mkono wa mtu.

Bledi ndo shahidi wa mwisho kabisa kwangu. Inanolewa, inaisha, inabadilishwa, ndo kazi yake. Watu wakiona ile alama ya moyo wenye herufi SW wanapandisha bei hapohapo. Ni alama nzuri kweli, SW ni Stanley Works na moyo ni mzaha wa jina la William Hart aliyekuwa rais wa kampuni, ni alama ya miaka ya 1920 na mwanzoni mwa 1930. Lakini inakwambia umri wa bledi. Mwili unaweza kuwa wa 1905.

Randa za wakati wa vita ndo nazipenda mimi, hata kama wengi wanazikimbia. Kati ya 1942 na 1945 shaba ilikuwa inahitajika kwingine, kwa hiyo nati zikawa za chuma au mpira mgumu, mipini ikaacha kuwa ya rozwudi ikawa mbao ngumu ya kawaida iliyopakwa rangi, na mwili ukawa mnene mzito. Hazina sura. Ila huhitaji mtaalamu kuzitambua, na ule uzito kwenye mbao yenye nyuzi zilizopinda unasaidia mno. Na kama Stanley yako imeandikwa Made in England wala usihangaike na mambo ya 1910, hiyo ni ya baada ya kampuni kununua kiwanda Sheffield miaka ya 1930.

Randa za mbao ni habari nyingine, kule unasoma mihuri. Muhuri wa mtengenezaji kwa kawaida uko puani, yaani kwenye uso wa mbele wa randa, katikati, umepigwa mara moja, ila wa mwenye randa unaweza kuukuta popote, tena mara tatu nne kama mtu aliyekuwa na hasira na wezi. Wengi wanachanganya hapo. Muhuri ambao mimi ningeomba kuugusa hata kwa kidole ni wa Cesar Chelor wa Wrentham, Massachusetts, Mwafrika aliyekuwa mtumwa wa mtengeneza randa Francis Nicholson, akajifunza kazi kwake, akapewa uhuru kwa wosia wa Nicholson mwaka 1753, pamoja na vyombo na ardhi, akaendelea kutengeneza randa zenye jina lake mwenyewe mpaka alipofariki 1784. Sasa fikiria mtu anaipata ile, anaona imechakaa, anachukua msasa anaanza kuisugua ing'ae.

Nakuomba usisugue kitu kabla hujakisoma. Ile rangi nyeusi, vumbi lililoganda kwenye herufi, alama za skrubu, vyote hivyo ndo ushahidi. Mimi kibanio changu cha figo nimekiacha palepale kilipo, kinabana vizuri kuliko cha tundu la ufunguo nilichokuja kukipata baadaye, na siku nikiiuza nitamwambia mnunuzi kofia si ya kwake.