Ini likiwa zima, figo na mishipa je?

Wakazi wengi wa Dar es Salaam hugundulika na virusi vya homa ya ini B bila kuumwa chochote. Mtu amekwenda kumchangia damu ndugu aliyelazwa, na kwa kuwa kila chupa hupimwa virusi vya UKIMWI, kaswende, homa ya ini B na C, anaitwa pembeni na kuelekezwa kliniki. Huko anapimwa vimeng'enya vya ini, pengine na utrasaundi, kisha anaambiwa ini halijaharibika na arudi baada ya miezi 6. Kwa walio wengi huo ni ushauri mzuri. Mgogoro uko kwa wale wachache ambao ini lao halina shida lakini mwili wao una shida, na kliniki ya ini haijawauliza habari za figo wala miguu.

Machi 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mpya wa homa ya ini B. Safari hii mgonjwa anayepata uvimbe wa figo au wa mishipa ya damu kutokana na virusi anastahili kuanza dawa hata kama vipimo vya ini na wingi wa virusi haviko juu. Kwenye karatasi ni sentensi fupi. Kliniki zetu zitaitumiaje, hilo ndilo la kujadili.

Kwanza tujue kinachotokea. Virusi vyenyewe si lazima vitoboe mshipa. Kinga ya mwili inatengeneza kingamwili, zinashikamana na vipande vya virusi, na mabonge hayo yanazunguka na damu mpaka yanase kwenye vichujio vya figo au ukutani mwa mshipa. Kinga inayafuata palepale na kuanza vita. Kwa homa ya ini B matokeo mabaya kabisa ni poliateritisi nodosa, uvimbe wa mishipa ya ukubwa wa kati: homa zisizoisha, kukonda, tumbo kuuma vikali, presha kupanda, unyayo kulegea ghafla usinyanyuke. Uhusiano wake na virusi hivi umejulikana tangu 1970. Kwa homa ya ini C kuna krayoglobulini, protini zinazoganda damu inapopoa chini ya nyuzi 37. Mgonjwa anatoka madoa ya zambarau miguuni, viungo vinauma, nyayo zinawaka moto au kufa ganzi.

Asidhani mtu kwamba joto la Dar linamkinga. Ngozi ya mguu ni baridi kuliko 37 hata mchana wa Februari. Tena hapa kuna kichekesho kichungu: sampuli ikikaa mezani kwenye maabara yenye kiyoyozi, protini hizo zinaganda na kutupwa pamoja na bonge la damu, na majibu yanarudi "hakuna".

Wanaotaka wenye virusi wote wapimwe pia madhara ya nje ya ini wana hoja ya muda. Neva (mshipa wa fahamu) iliyokufa hairudi upesi, na figo iliyosinyaa hairudi kabisa. Wanaongeza kuwa tiba ipo. Homa ya ini C inapona kwa zaidi ya asilimia 95 ya wanaomeza sofosbuvir na daclatasvir kwa wiki 12, na kwa wengi madoa na maumivu hupungua virusi vikiisha, ingawa ganzi huchelewa.

Wanaopinga nao hawabahatishi. Ganzi ya nyayo katika jiji hili mara nyingi ni kisukari. Inaweza pia kutokana na virusi vya UKIMWI au dawa ya kifua kikuu, na figo zinazofeli mara nyingi zina presha nyuma yake. Katika nchi ambayo virusi vya B vimeenea, mtu anaweza kuwa na virusi na ugonjwa wa figo bila kimoja kusababisha kingine. Kuthibitisha kunahitaji kukata kipande cha figo na mtaalamu wa kukisoma, huduma isiyopatikana kila hospitali. Isitoshe, tenofovir, dawa yetu kuu ya homa ya ini B, yenyewe inaweza kuumiza figo, mara nyingi humezwa miaka mingi au maisha yote, na kuiacha kiholela huweza kuviamsha virusi kwa kishindo. Hata krayoglobulini huonekana kwa takriban nusu ya wenye homa ya ini C, lakini wanaougua kwa sababu yake ni wachache. Kumpima kila mtu ni kuwatia hofu wengi na kuwanufaisha kiduchu.

Hoja hiyo ya mwisho naikubali: krayoglobulini zisipimwe kwa kila mtu. Ila sioni kwa nini iwe kisingizio cha kutofanya lililo rahisi. Kila mwenye virusi, B au C, apimwe mkojo kwa kijiti na presha kila anaporudi kliniki. Ni kipimo cha dakika chache. Protini ikionekana, ndipo maswali magumu yaanze.

Jambo ninalolisisitiza zaidi liko upande wa pili wa korido, kwenye kliniki za ngozi, viungo na figo. Mgonjwa mwenye madoa au viungo vilivyovimba huandikiwa predinisoloni, na asipoandikiwa, si vigumu kuinunua dukani bila cheti. Dawa hiyo inatuliza uvimbe kwa kuilaza kinga, na kinga ikilala virusi vya B vinazaana. Rituximab, dawa nyingine ya kulaza kinga, ni hatari zaidi; tangu 2013 mamlaka ya dawa ya Marekani inataka kila mgonjwa apimwe homa ya ini B kabla ya kuianza. Kipimo cha homa ya ini B kwa tone la damu ya kidole kwanza, predinisoloni baadaye: utaratibu huo hausubiri bajeti mpya.

Nani apewe kipaumbele? Chanjo ya homa ya ini B iliingia kwenye ratiba ya watoto wachanga Tanzania mwaka 2002, kwa hiyo karibu kila mtu mzima aliyezaliwa kabla ya hapo aliikosa utotoni. Homa ya ini C inawaandama zaidi waliojidunga dawa za kulevya, na kliniki ya methadoni, dawa ya kuwasaidia kuacha heroini, imekuwepo Muhimbili tangu 2011. Wengi wa wagonjwa hao wanakuja mara kwa mara kumeza dawa. Kuwauliza kama nyayo zinawaka na kuangalia miguu yao kunaweza kuanza kesho asubuhi dirishani pale pale.